Weib, Frau na kvinna: neno lipi la mwanamke litumike wapi katika lugha za Kigermaniki

Msemaji wa Kiswahili aliyekwisha kujifunza Kiingereza, anapohamia Kiholanzi au Kijerumani, huyaona maneno mengi kama nyuso za jamaa anaowafahamu. Akijua “house” hapati taabu na “huis” wala “Haus”, na akijua “water” huitambua “Wasser” bila kufungua kamusi. Anapofika kwenye neno la mwanamke ndipo ujamaa huo unapomponza. Mgeni atakayemtaja mke wa mwenyeji wake mjini Rotterdam kwa neno “wijf”, kwa sababu linafanana na “wife”, atakuwa amemtukana mbele ya watu, na hata akijitetea kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa damu, jambo ambalo ni kweli tupu, utetezi wake hautamsaidia. Lugha za Kigermaniki zilirithi au zilikopeshana maneno machache ya kale, kisha kila moja ikayapanga kwa daraja lake: lililokaa kitini katika lugha moja limekaa mkekani katika nyingine, na katika ya tatu limefukuzwa nyumbani kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuchagua neno anahitaji kujua mambo mawili kwa pamoja, yaani lilikotoka na lilipo leo.

Mizizi mikuu ni mitatu. Wa kwanza umezaa “wife” ya Kiingereza, “Weib” ya Kijerumani na “wijf” ya Kiholanzi, na wanaisimu hulirudisha umbo lake la awali kuwa *wībą. Wa pili, *kwenǭ, umezaa “queen” na “kvinna”. Wa tatu, *frawjǭ, umezaa “Frau”, “vrouw” na “fru”. Nyota inayotangulia maumbo hayo huonyesha kwamba hayakupatikana katika maandishi yoyote, bali yamekadiriwa kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye.

Nasaba iliyo wazi kuliko zote ni ya mzizi wa pili. Huo haukuanzia kwa Wagermaniki, kwani ni urithi kutoka lugha ya zamani zaidi iliyozaa familia nzima ya Kihindi-Kiulaya, na ndugu zake wametapakaa kuanzia Ayalandi hadi Bara Hindi. Kigiriki kina “gyne”, ambayo ndiyo iliyoingia katika jina la tawi la tiba linaloitwa jinakolojia. Kirusi kina “zhena”, yaani mke. Kiayalandi kina “bean”, na Kiajemi kina “zan”, yaani mwanamke. Msomaji wa pwani asivutwe na hiyo “zan” ya Kiajemi akadhani ameipata Zanzibar, kwani jina la visiwa hutokana na “zang” au “zangi”, neno la watu weusi, likaungwa na “bar”, yaani pwani. Tofauti za sauti katika ndugu hao, g kwa Wagiriki, z kwa Waajemi, b kwa Waayalandi na kw kwa Wagermaniki, si za kubahatisha, bali zinafuata kanuni zilezile zinazoonekana katika mamia ya maneno mengine.

Ushahidi wa zamani wa kuaminika wa mzizi huu upo katika Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokufa, ambayo tunaifahamu hasa kwa tafsiri ya Biblia iliyofanywa na Askofu Wulfila katika karne ya 4. Nakala yake maarufu, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu, imehifadhiwa katika chuo kikuu cha Uppsala nchini Uswidi. Humo mwanamke ni “qino” na mke ni “qens”, maneno mawili ya mzizi mmoja yaliyogawana kazi. Kiingereza cha kale kilikuwa na jozi hiyohiyo, “cwene” kwa mwanamke na “cwen” kwa mke, hususan mke wa mfalme, na hapo ndipo panapopatikana kisa kinachofundisha zaidi kuliko vyote katika habari hii. “Cwen” ilipanda ngazi ikawa “queen”, malkia. “Cwene” ilishuka, ikawa “quean”, neno la kumdharau mwanamke mwenye sifa mbaya, na matamshi ya maneno hayo mawili yalipokuja kukaribiana mno, lile la chini likaachwa. Hata hivyo kaskazini-mashariki mwa Uskochi, pande za Aberdeen, “quine” ingali hai na maana yake ni msichana tu, bila doa lolote. Mzizi mmoja, kisiwa kimoja, na madaraja matatu.

Katika nchi za Skandinavia mzizi huu ndio ulioshika nafasi ya kawaida. Kiswidi husema “kvinna”, Kidenishi “kvinde”, Kinorwei “kvinne”, na Kiaislandi “kona”. Umbo la “kvinna” lilitokana na uwingi: watu walisikia mara nyingi neno lililokuwa na maana ya “ya wanawake”, wakaliunda upya kuwa la mmoja. Umbo la zamani la umoja halikupotea, lakini hatima yake ilitofautiana kwa kila nchi. Kiaislandi hulitumia “kona” kwa mwanamke na kwa mke pia. Kidenishi na Kinorwei hulitumia “kone” kwa mke wa mtu, tena kwa heshima ya kawaida ya mazungumzo. Kiswidi kililitupa “kona” katika matusi, likawa neno la kale la kumwita mwanamke malaya. Mtu aliyezoea Oslo au Copenhagen na akavuka kwenda Stockholm anapaswa kuliacha neno hilo mpakani.

Mzizi wa kwanza, *wībą, ni kitendawili. Hauonekani kabisa katika Kigothi, na katika Kinorsi cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, “víf” ilibaki neno la washairi. Makao yake halisi ni kwa Waingereza, Waholanzi na Wajerumani. Jambo la pili la ajabu ni jinsia yake ya kisarufi. Lugha hizi za kale ziligawa nomino katika makundi matatu, la kiume, la kike, na la tatu lisilo la kiume wala la kike, na neno hili la mwanamke liliwekwa katika kundi la tatu. Mjerumani husema “das Weib”, na Mholanzi “het wijf”, kwa kibainishi kilekile anachokitumia kwa nyumba au mkate. Kwetu, ambako mke na mume wote wako katika ngeli ya watu, ni sawa na kusikia mtu akisema “mke hiki kimefika”, na sikio la Mswahili linaujua upesi ujumbe uliomo katika kumpeleka mtu kwenye ngeli ya vitu.

Asili ya mzizi huo imeleta maelezo mawili yanayoshindana, na hapa pia msomaji anapaswa kuchagua. Maelezo ya kwanza huunganisha *wībą na maneno yenye maana ya kuzungusha au kufunika, kama vile “vífinn” ya Kinorsi cha kale, yaani aliyefunikwa. Kwa hoja hiyo neno lilimtaja mwanamke aliyeolewa, ambaye alifunika kichwa chake kwa kitambaa, na awali huenda lilikitaja kitambaa chenyewe. Maelezo ya pili huenda mbali sana, hadi Kitochari, lugha iliyokufa ambayo hati zake zilifukuliwa katika majangwa ya kaskazini-magharibi mwa China, ambamo neno “kwipe” lina maana ya aibu na pia ya utupu wa mwili. Kwa kanuni za sauti, ulinganifu huo hauna kasoro kubwa, ila maana yake inamdhalilisha mhusika, na wengi wameusitasita kwa sababu hiyo, sababu ambayo kwa kweli si ya kisayansi.

Mimi huyapa uzito zaidi maelezo ya kitambaa, ingawa najua hatari yake: kwa mtu aliyekulia miongoni mwa shungi na mabuibui, picha ya mwanamke kuitwa kwa jina la ushungi wake inakubalika kwa urahisi mno, na urahisi wa picha si ushahidi. Kinachonisukuma ni ile jinsia ya tatu. Ikiwa neno lilianza kwa kutaja kitu, ni jambo la kawaida kwamba lilibaki katika kundi la vitu hata lilipohamia kwa mtu. Kijerumani chenyewe kimefanya hivyo waziwazi, tena katika zama zenye maandishi ya kutosha. “Frauenzimmer” ilikuwa chumba cha wanawake katika jumba la mtawala. Baadaye ikawa jina la kundi la wanawake waliokaa humo. Kufikia karne ya 17 ikaweza kumtaja mwanamke mmoja, naye akabaki na jinsia ya chumba, “das Frauenzimmer”. Leo neno hilo nalo ni la dharau au la utani wa kizamani. Basi njia ya kutoka kwenye kitu hadi kwa mwanamke, na kutoka hapo hadi kwenye dharau, imepitiwa zaidi ya mara moja.

Kiingereza kilipata njia ya pekee ya kuutumia mzizi huo, na Mswahili ana uwezo wa kuielewa kuliko wengi. Katika Kiingereza cha kale “mann” haikuwa na maana ya mwanamume peke yake, bali mtu yeyote. Kumtaja mwanamke bila kuchanganya na mke wa mtu, wasemaji waliunga “wif” na “mann” wakapata “wifmann”, yaani mtu wa kike. Sauti f ikamezwa, na irabu ya kwanza ikaviringwa na w iliyotangulia hadi ikawa “woman”. Lakini katika uwingi irabu ya kale ilisalimika, na ndiyo maana “women” hutamkwa kama “wimin” ingawa huandikwa vingine. Sasa tazama Kiswahili: “mke” kwa mke wa mtu, na “mwanamke”, yaani mwana aliye mke, kwa mwanamke yeyote. Mpangilio ni uleule, sehemu ya kike ikiungwa na neno la mtu ili kupata jina pana, na sehemu ya kike ikiachwa peke yake kubeba maana ya ndoa. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Lugha mbili zisizo na undugu zimefika kwenye suluhisho moja.

Kwa hiyo maelezo mawili yanayosambazwa sana kuhusu “woman” yatupwe. Neno hilo halitokani na “womb”, yaani tumbo la uzazi, wala na “woe”, yaani huzuni anayodaiwa kumletea mwanamume. Vilevile “female” si “male” iliyoongezewa kichwa. Ilitoka katika “femelle” ya Kifaransa, ambayo chimbuko lake ni neno la Kilatini “femella”, kisha tahajia yake ikavutwa ifanane na “male”. Maana ya zamani ya “wife”, yaani mwanamke tu, imebaki katika pembe chache za lugha: “midwife”, mkunga, ni yule aliye pamoja na mwanamke, kwa kuwa “mid” ya kale ilikuwa “pamoja na”, na haihusu kuwa mke wa mtu hata kidogo.

Mzizi wa tatu ni wa vyeo. *Frawjǭ ilikuwa jike la neno la bwana, na Wulfila alipotafsiri Biblia alilitumia neno hilo la kiume, “frauja”, kwa Bwana mwenyewe. Asili ya mbali zaidi ni wazo la aliye mbele, aliyetangulia. Kwa Wanorsi jozi hiyo iligeuka majina ya miungu ndugu, Freyr na Freyja, yaani Bwana na Bibi. Huyo Freyja asichanganywe na Frigg, mke wa mungu mkuu Odin, ambaye ndiye aliyeipa Ijumaa ya Kiingereza jina lake. Katika Kijerumani neno la kiume lilikufa likaacha mabaki tu, kama “Fronleichnam”, sikukuu ya Mwili wa Bwana, na “Frondienst”, kazi ya shokoa aliyolazimika mtu kumfanyia bwana wake. Nafasi yake ilichukuliwa na “Herr”, ambayo awali ilikuwa na maana ya mwenye mvi zaidi, yaani mzee. Bibi akabaki bila bwana wake wa asili, na akadumu.

Nchi za Skandinavia zilipata “fru” kwa kukopa, kutoka Kijerumani cha kaskazini kilichosemwa na wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara, Lübeck ikiwa ya mbele, ambao katika zama za kati walijaza bandari za Bergen, Stockholm na kwingineko. Liliingia kama neno la adabu, na adabu ya kukopa mara nyingi hudumu kwenye maisha ya nyumbani: leo Mswidi husema “min fru” kwa mke wangu, lakini hawezi kulitumia “fru” kwa mwanamke yeyote anayepita njiani.

Nyumbani kwake Ujerumani neno hilo lilisafiri mbali zaidi. Katika Kijerumani cha zama za kati “wîp” ilikuwa mwanamke wa aina yoyote na “frouwe” bibi wa tabaka la juu, na mnamo mwaka 1200 mshairi Walther von der Vogelweide alishika upande wa “wîp”, akisema kwamba ndilo jina la juu kuliko yote, kwa kuwa miongoni mwa wenye cheo wapo wasiostahili kuitwa wanawake. Hoja nzuri, lakini wasemaji hawakumsikiliza. Watu hupenda kuheshimu wanapotaja, na heshima ikitolewa kwa kila mtu hugeuka neno la kawaida; “Frau” ikashuka kutoka jumbani hadi sokoni, na “Weib”, iliyokuwa ya kawaida, ikasukumwa chini ya hapo, kwenye dharau. Sisi tumeyaona hayo katika “mwana”. Mwaka 1858 Mwana Kupona alipotunga utenzi wake, kitangulizi hicho cha jina kilikuwa cha bibi wa heshima, na leo kijana wa Dar es Salaam akilisikia jina hilo hudhani linahusu mtoto.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kwa Kijerumani cha leo, “Frau” inatosha karibu kila mahali: mwanamke ni “eine Frau”, mke wangu ni “meine Frau”, na barua kwa mwanamke humtaja kwa “Frau” na jina la ukoo, awe ameolewa au hajaolewa. “Fräulein”, umbo la udogo la “Frau” lililotumika kwa asiyeolewa, iliondolewa katika matumizi rasmi ya ofisi za serikali ya Ujerumani Magharibi mwaka 1972, na anayeitumia leo kwa mtu mzima huonekana ama mzee sana au mwenye kejeli. “Dame”, iliyotoka katika “domina” ya Kilatini kupitia Kifaransa, ni ya hotuba na barua rasmi zinazoanza kwa kuwataja mabibi na mabwana. “Weib” iachwe, ila kivumishi chake “weiblich”, yaani wa kike, hakina ubaya wowote na hujazwa katika fomu kila siku. Hilo huwashangaza wanafunzi, nami sioni ajabu yake: tusi hushika nomino kwanza kwa kuwa nomino ndiyo humwita mtu.

Kiholanzi kinafuata mkondo huohuo kwa ukali zaidi. “Vrouw” ni mwanamke na ni mke, “mevrouw” ni ya kumwita kwa heshima, na “wijf” ni tusi, ingawa “wijfje” hutumika bila tatizo kwa mnyama jike. Kiafrikana nacho kina “vrou” kwa heshima na “wyf” kwa ufidhuli. Lakini Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki iliyotokana na Kijerumani cha zama za kati, iliyagawa kwa upole: “froy” ni mwanamke, na “vayb”, pacha wa “Weib”, ni mke wa mtu, neno ambalo mume hulitamka mbele ya wakwe zake bila kuona haya.

Kwa nchi za Skandinavia, “kvinna”, “kvinde” na “kvinne” ni salama kwa maana ya mwanamke, na kwa maana ya mke chagua “fru” kwa Kiswidi, “kone” kwa Kidenishi na Kinorwei, na “kona” kwa Kiaislandi. “Hustru” ya Kiswidi na Kidenishi, ambayo kwa asili ni bibi wa nyumba, ina ladha ya maandishi. Anayewasikiliza vijana wa Stockholm atakutana pia na “tjej”, msichana, ambayo haimo katika mizizi yetu mitatu. Ilitoka katika Kiromani, lugha ya Waroma.

Mfasiri wa maandiko ya zamani ana kazi tofauti na ya msafiri, kwa kuwa kwake tarehe ya maandishi ina uzito kuliko kamusi ya leo. “Wîp” ya karne ya 13 iwe “mwanamke” bila nukta ya dharau, na “frouwe” ya shairi hilohilo iwe “bibi”, au “mwana” kwa msomaji anayekijua Kiswahili cha Lamu na Pate. “Weib” katika Biblia ya Luther ya mwaka 1545 ni “mwanamke” au “mke” kwa kufuata muktadha, na haibebi tusi la leo. Kuna mahali Luther mwenyewe alikwama: Mwanzo sura ya 2 inacheza na maneno ya Kiebrania “ish” na “ishshah”, mwanamume na mwanamke, yanayofanana kwa sauti, na wala “Weib” wala “Frau” haifanani na “Mann”, hivyo akaandika “Männin”, neno ambalo Mjerumani halitumii mezani wala njiani. Mfasiri wa Kiswahili hapo hakuhitaji kuunda kitu. “Mwanamume” na “mwanamke” vilikuwa vimekwisha kumngoja.